Mkate Uliojua Wenyewe

Harufu ya unga wa mchele ulioumuka ilinipokea mlangoni kwa mjukuu wangu Zuhura, kule Goba, kabla yeye mwenyewe hajanikaribisha. Ni harufu ya uchachu mwepesi, yenye utamu kidogo nyuma yake, kama tui la nazi lililolala. Nilisimama palepale, kiatu kimoja mkononi. Tangu mama yangu afariki sikuwa nimeisikia harufu ile katika nyumba yoyote.

Zuhura ameambiwa na daktari asile ngano. Ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, na mwili wake haukitaki; kikiingia, utumbo unachubuka na chakula kinapita bila kumfaa. Alipimwa, akazungumzishwa kwa adabu, akapewa karatasi ya maelekezo, akarudi kwake kujifunza kuoka mikate ya unga wa mchele, wa mhogo na wa mtama.

"Bibi, jamani, hiki kitu kipya kabisa," aliniambia, huku akinikatia kipande. "Wenzetu wa nje nao wameanza juzijuzi. Mie najifunza kwenye simu."

Nikala. Kilikuwa kizuri. Nikakimaliza chote, kisha nikakasirika, hata yeye akadhani amezidisha chumvi. Hakuwa amekosea kitu. Nilikuwa nimewakasirikia watu waliokwisha kufa zamani, na hasira hiyo bado haijapata pa kukaa. Ndiyo maana naandika. Wenzangu wa rika langu, mnaoikumbuka Temeke ilipokuwa minazi na mashamba ya mihogo, mtanielewa.

Baba yangu alikuwa mkandaji katika tanuri la mikate mjini, mali ya Mhindi mmoja. Alitoka nyumbani jua likizama, akarudi asubuhi, mikono yake ikiwa myeupe hadi kwenye viwiko. Angeweza kunawa kazini, lakini hakunawa. Alipenda kupita njia nzima ya mchanga, mbele ya vibaraza vyote, watu wakiiona ile mikono. "Fundi Mikate huyo," walisema. "Anakesha na mkate wa Wazungu huyo." Naye alijibu salamu polepole, kama imamu. Chini ya kwapa alibeba mkate uliopasuka au ulioungua upande mmoja, ambao tajiri hakuweza kuuza. Huo ndio uliokuwa kifungua kinywa chetu, na katika mtaa wa watu wanaofungua kinywa kwa mihogo ya kuchemsha, huo ulikuwa ni cheo.

Mimi, mtoto wao wa pekee, ndiye niliyepewa sehemu kubwa. Na mimi ndiye niliyekuwa nikikauka. Nilikuwa na tumbo kama ngoma na miguu kama mipini ya mwiko. Sikuweza kukimbia hadi kisimani bila kukaa njiani. Choo changu kilikuwa aibu ya mama, maana kilimtaka afue khanga kila siku, na harufu yake ilivuka ua. Nywele zangu zilififia zikawa rangi ya kutu. Majirani walinitazama, kisha wakamtazama mama, kisha wakatazama pembeni.

"Mama Siwema, mtoto huyu ana jicho la mtu," alisema Bi Hadija, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye mdomo mkali na mkono mwepesi wa kutoa. "Mfunge hirizi. Baba yake anapita na mkate kila asubuhi mbele ya watu wenye njaa, ulitegemea nini?"

Mama alifunga hirizi. Akaninywesha kombe, ile aya iliyoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji. Akaninyima samaki akidhani ni samaki, akaninyima nazi akidhani ni nazi. Hakuwa mjuzi wa lolote. Alikuwa mtu anayepapasa gizani na haachi kupapasa. Mwishoni akanibeba mgongoni akanipeleka zahanati.

Zahanati ilikuwa nyumba ya bati yenye kibaraza kirefu. Siku moja katika juma alikuja nesi wa Kizungu tuliyemwita memsahibu, na kila alichosema kilipitia kwa dresa, yaani mfunga vidonda, Bwana Yusto, mtu wa bara aliyesoma misheni, mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikasimama kama kadibodi. Ukutani palikuwa na picha ya mtoto mnene amekaa mbele ya bilauri ya maziwa na bofulo la mkate. Memsahibu aliniminya tumbo, akanivuta kope, akamuuliza mama ninakula nini.

"Mkate," alisema mama, "na mihogo, na wali tukiupata."

Kilichofika kwa memsahibu ni mihogo peke yake. Naweza kulisema hilo kwa uhakika, kwa sababu jibu lilikuja juu ya mihogo. Bwana Yusto alisimama wima akatangaza, ili na wanawake waliokaa chini wasikie: "Memsahibu anasema nyie mnawaua watoto kwa mihogo. Mhogo ni chakula cha ujinga. Mtoto huyu apewe mkate na biskuti na maziwa. Mkate asubuhi, mkate jioni. Umesikia, mama?"

Mama alisikia. Alimwambia baba, na baba alifurahi. Tangu siku ile alileta mkate mzima, tena mzuri, kwa kumbembeleza tajiri wake. Nikala mkate asubuhi, nikala mkate jioni, na nikakaribia kufa.

Sitaki kupamba. Ninachokumbuka ni dari la makuti na sauti ya mama akiniita jina langu kama mtu anayeniita kutoka mbali, ilhali alikuwa amenipakata. Nakumbuka pia kwamba kila nilipofungua macho palikuwa na kipande cha mkate uliolowekwa kwenye chai, karibu na midomo yangu. Walinipenda sana. Walinilisha kile kilichokuwa kinaniua, kwa amri ya mtu aliyeulizia chakula changu kisha asipate jibu zima.

Kilichoniokoa ni vita. Ni neno baya kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Vita vya Wazungu vilipofika miaka ya katikati, chakula kikawa haba mjini, na serikali ikakigawa. Jinsi kilivyogawanywa, wenzangu mnakumbuka. Hakikugawanywa kwa njaa, wala kwa kazi, wala kwa wingi wa watoto. Kiligawanywa kwa rangi. Mkate mweupe wa ngano ulikuwa wa Wazungu. Mchele ulikuwa wa Wahindi na Waarabu. Sisi tulipewa sembe, mtama na mhogo, ule mhogo wa ujinga, ambao sasa ghafla ulikuwa unatufaa sana. Kule kazini kwa baba kila mkandaji alipekuliwa langoni, na hata mkate ulioungua ulikuwa na mwenyewe.

Baba alirudi asubuhi na mikono myeupe na kwapa tupu. Nilimuuliza mkate uko wapi.

"Ngano sasa ni ya Wazungu, mwanangu," alisema. "Sie hatuna ruhusa nayo."

Niliyachukua maneno hayo kama mtoto anavyochukua maneno, yote, bila kubakiza. Na mwezi haukwisha, tumbo langu likatulia. Nikaanza kutembea, nikaanza kuiba maembe mabichi, nikapigwa kwa mara ya kwanza kama mtoto mzima. Nikajumlisha. Niliona kwamba ngano inajua wenyewe. Ilikuwa ya Wazungu tangu mwanzo, na mimi nilipoila bila ruhusa ilinishitaki kutoka ndani ya tumbo. Baba yeye aliula mkate na hakudhurika, lakini hilo halikunisumbua: nilikuwa nimeiona mikono yake. Kwa kuukanda unga ule miaka mingi alikuwa ameshakuwa Mzungu hadi viwikoni, na ngano ilimtambua. Watoto wa Bwana Yusto walikula biskuti mbele yetu na wakaendelea kuruka kamba, lakini baba yao alijua Kizungu, kwa hiyo walikuwa na ruhusa. Kila nilichokiona kilikubaliana na nilichokiamini.

Watu huwacheka watoto kwa fikira kama hizo. Mimi sicheki. Nilikuwa na umri wa kung'oka meno, na nilikuwa nimeielewa sheria ya nchi kuliko nilivyoelewa tumbo langu.

Mama naye alikuwa anajumlisha, ila kwa njia yake. Alianza tu kuoka.

Kwao Rufiji mkate ni wa mchele, mkate wa kumimina. Mchele unalowekwa, unatwangwa, unachekechwa, unakorogwa na tui na tembo kidogo, ile pombe ya mnazi, ili uumuke, kisha unamiminwa kwenye sufuria yenye moto chini, unafunikwa, na makaa mengine yanapaliwa juu ya kifuniko. Lakini mchele haukuwa halali yetu tena. Mjomba alipokuja kututembelea alileta kidogo, umeviringishwa ndani ya mkeka wa kulalia, naye akaapa kwamba mbwa wa polisi walimbwekea njia nzima. Mchele ule haukutosha. Mama akaanza kuunyosha kwa unga mwingine.

Mkate wake wa kwanza wa mhogo mtupu ulinata kama gundi. Baba aliubonyeza kwa kidole, kidole kikabaki na alama, akacheka hadi akakohoa.

"Mama Siwema, huu tuupeleke kwa fundi viatu."

"Cheka," alisema mama. "We si una tanuri la watu? Mie nina sufuria yangu."

Wa mtama ulipasuka kama udongo wa kiangazi. Uliochanganywa na ndizi mbivu ulikuwa mtamu lakini ulibaki mbichi katikati, na siafu ndio waliofaidi. Bi Hadija alichungulia kila mara juu ya ukuta na kutoa hukumu. Siku moja mama alikuwa na uji mzito wa mchele nilioubakiza kwenye kata, na kwa kuwa hakuna aliyemwaga chakula siku hizo, aliumimina ndani ya ule unga wa mhogo na mtama, akakoroga kwa mkono, akauacha juani uumuke, kisha akauoka. Alipoondoa makaa na kuufunua, ulikuwa umesimama. Ulikuwa na vitundu ndani. Ulikatika bila kuvunjika. Uji ndio uliokuwa umeushika.

Bi Hadija aliletewa kipande ukutani. Akatafuna, akakigeuza kipande, akatafuna tena.

"Haya," alisema mwisho. "Huu una akili."

Nililelewa na mkate huo. Nilinenepa, nywele zangu zikarudi kuwa nyeusi, na katika miaka ile ya njaa, watu wakikonda kila upande, mimi nilikuwa navimba mashavu. Zuhura aliponionyesha unga mweupe wa kopo uliotoka ng'ambo, unaotiwa ndani ya mikate yake ili ishikamane, nilimuuliza kwa nini hapiki uji. Hakunielewa, na sikutaka kumfundisha nikiwa na hasira.

Vita vilipoelekea ukingoni, zahanati ilifanya siku ya kuonyesha watoto. Wanawake wote waliagizwa kuja na watoto wao wameogeshwa. Tulikaa chini kwenye kibaraza. Memsahibu alipita akitupima mikono, alipofika kwangu akasimama. Alinikumbuka. Alinishika kidevu, akageuza uso wangu huku na huku, akaonekana kufurahi kweli. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alinisimamisha juu ya kiti mbele ya kina mama wote, akazungumza kwa muda, na Bwana Yusto akatangaza:

"Mnamwona mtoto huyu? Aliletwa hapa mfu. Mama yake alikuwa akimlisha mihogo. Memsahibu akamwamuru ampe mkate, na mama huyu, tofauti na nyie, akatii. Tazameni sasa. Huyu ni mtoto wa mkate!"

Wanawake wakapiga makofi kidogo. Mama akainuka. Alikuwa mfupi, na alijifunga khanga upya kiunoni kabla ya kusema, kama anayekwenda kutwanga.

"Bwana Dresa, mwambie memsahibu namshukuru kwa kumkumbuka mwanangu. Lakini mkate ndio uliomlaza. Tangu ngano ilipokatazwa hajaionja, na ndipo alipopona. Namlisha mhogo na mtama na mchele kidogo. Mwambie, labda wapo na watoto wengine kama huyu."

Bwana Yusto alimtazama. "We mama, unataka nimwambie memsahibu amekosea? Mbele ya watu?"

"Mwambie nilivyosema."

Akageuka, akasema neno fupi. Memsahibu akatabasamu, akampa mama mkono.

"Umemwambiaje?" aliuliza mama, mkono wake bado ukiwa ndani ya mkono wa memsahibu.

"Nimemwambia unashukuru."

"Maneno yangu yalikuwa marefu, yako mafupi. Mengine umeyaweka wapi?"

Kina mama wakaguna. Mmoja akacheka kwa nyuma. Bwana Yusto akafanya kama hakusikia, maana memsahibu alikuwa ameshafungua kijaluba na kutoa kipande cha mkate kilichopakwa siagi. Ilikuwa zawadi yangu. Alinipa mkononi, akaashiria mdomo.

Mtoto akipewa kitu na mkubwa hupokea kwa mikono miwili, na akiambiwa ale, anakula. Ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha alikuwa amesimama pale. Nikapokea kwa mikono miwili. Lakini nilijua ninachokijua, na kwa kuwa memsahibu ndiye mwenye ngano, niliona ni haki kumwambia mwenyewe.

"Mimi sina ruhusa," nilisema. "Huu mkate unajua wenyewe. Utaniuma."

Hayo, Bwana Yusto aliyatafsiri yote. Memsahibu alicheka, kicheko cha huruma, akatikisa kichwa, na nilisikia, kupitia kwa dresa, kwamba ushirikina tuliofundishwa majumbani ndio adui mkubwa wa watoto wetu. Kisha akanisukumia mkono wangu mwenyewe mdomoni. Nikauma.

Mama alifika kabla sijameza. Alinifungua taya kwa mkono mmoja, na kwa kidole cha mkono mwingine akautoa ule mkate, wote, hadi chembe za chini ya ulimi, mbele ya kibaraza kizima. Hakuutupa. Aliukunja kwenye pindo la khanga, kwa sababu chakula hakitupwi. Uso wa memsahibu uligeuka mwekundu, akasema maneno mengi sana.

"Amesema toka," alitafsiri Bwana Yusto.

Habari ilimfikia baba njiani kabla hatujafika nyumbani. Watu hawakumwambia kwamba mkewe alisema ukweli. Walimwambia kwamba mke wa Fundi Mikate amemtoa mtoto mkate mdomoni kama anayetoa sumu. Alitukuta uani. Sijawahi kumwona ameumia vile.

"Mkate ninaoukanda mie? Mie, kwa mikono hii? Unautoa mdomoni mwa mwanangu, mbele ya Wazungu na wabara?"

"Mkate unamdhuru, Baba Siwema."

"Umemdhuru tangu lini? Alipougua ulikuwa ugonjwa. Alipopona amepona. Nyie wanawake mkikaa na Hadija hapo ukutani mnatunga mambo."

"Basi mlishe wewe," alisema mama. Hakupandisha sauti. "Mkate umeanza kuruhusiwa kutoka langoni, umesema mwenyewe. Lete. Umlishe kwa mkono wako. Na ukimlisha, kaa naye. Mie sitagusa khanga wala ndoo."

Baba akaubeba mkate siku ya mapumziko yake. Ulikuwa mzuri, wa kahawia juu, na alipoukata ulitoa sauti. Mama alichukua kinu akakipeleka nyuma ya nyumba. Baba alinikalisha mapajani, akasema bismillahi, akala yeye kwanza, kisha akanipa mimi. Nilikula kwa furaha. Nilikuwa nimekata shauri kwamba, nikipewa na mkono mweupe wa baba, huenda ruhusa yake itanifikia na mimi.

Haikunifikia. Alasiri nilianza kutapika, na baada ya kutapika yakaja yale mengine. Baba aliita, "Mama Siwema! Njoo!" Mchi ukaendelea kupiga nyuma ya nyumba. Akaita tena. "Nina kazi," lilikuja jibu. Basi baba akanibeba hadi uani, akanivua, akaniosha, akafua, nikachafua, akafua tena. Mikono yake ikawa myeusi kabisa, safi, ya mtu.

Ungedhani inatosha. Kesho yake akarudia, kipande kidogo zaidi, kama mtu anayeshuku mizani. Na keshokutwa. Hapo ndipo hasira yangu inapogawanyika, kwa sababu nilimpenda baba yangu, na sijawahi kupata jibu: kwa nini neno la mama halikutosha? Alikuwa amelala kitanda kimoja na mwanamke huyu, amekula kila alichopika, alijua hasemi uongo hata kuhusu chumvi. Memsahibu alikuwa na kisingizio cha dresa. Baba hakuwa na mkalimani baina yake na mama. Na bado ilibidi mwili wangu utoe ushahidi, siku baada ya siku, ndipo mama aaminiwe ndani ya nyumba yake.

Mara ya mwisho alikata kipande, akakichovya kwenye chai, akakileta hadi karibu na midomo yangu. Mkono ukasimama hapo. Nilifungua mdomo, kama nilivyofundishwa. Akakitazama kile kipande, akanitazama mimi, akakila yeye. Kisha akainuka akaenda nyuma ya nyumba. Mchi ukanyamaza. Sikusikia walichosema. Aliporudi alikuwa amebeba kinu, na mama alikuwa nyuma yake na ungo.

Majuma kadhaa baadaye walikuja nyumbani, memsahibu na Bwana Yusto, kwa miguu, na nusu ya mtaa nyuma yao. Ilisemekana kwamba mama mkaidi anamnyima mtoto chakula, na kwamba mtoto anaweza kuchukuliwa akalelewe kwingine. Mama alinisukuma nyuma yake. Memsahibu alikuwa na mkate kwenye kikapu, umefunikwa kitambaa cheupe.

Baba alikuwa amelala, maana alikuwa amekesha kazini. Alitoka bila kunawa. Alisimama mlangoni, mikono yake kwenye miimo miwili, unga umekaukia viwikoni.

"Shikamoo, Mzee," alisema Bwana Yusto, ambaye kwa kawaida hakumwamkia mtu wa Temeke.

"Marahaba. Mkate huo umetoka kwetu. Nimeukanda mie jana, naujua kwa mkunjo wake. Mwambie memsahibu: Wazungu wengi wanaula na unawafaa, na mie naula. Mwanangu haumfai. Mama yake amejua kabla yangu na kabla yake. Humu ndani hauingii."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Na usipunguze."

"Hata mie nimesikia," alipaza sauti Bi Hadija kutoka juu ya ukuta. "Na akipunguza nitaongeza."

Bwana Yusto akalowesha midomo. Akazungumza Kizungu kwa muda mrefu kuliko nilivyomsikia siku nyingine yoyote. Hadi leo sijui alisema nini. Huenda alisema yote. Memsahibu alisikiliza, akamtazama baba, akaitazama mikono yake, akamtazama mama, akanitazama mimi, mnene, mweusi tii, nimeng'ang'ania khanga. Kisha akatabasamu, tabasamu lile lile la kibarazani. Alinyoosha mkono akanipapasa kichwa. Akauweka mkate juu ya kibaraza chetu, akaurekebishia kitambaa usiingie mchanga, akaondoka. Hakuuliza chochote. Hakumuuliza mama anachanganya nini, wala kwa nini, wala alijuaje. Hakurudi tena, na picha ya yule mtoto mnene na bofulo lake ilibaki ukutani hadi bati la zahanati lilipoota kutu.

Watu waliutazama mkate. Baba aliuinua kwa mikono miwili, akampa Bi Hadija juu ya ukuta, naye akaupokea kwa mikono miwili. Mama alikuwa ameshaingia jikoni. Nilisikia kisu kikigusa sufuria. Alitoka na kipande cha mkate wake, cha moto, chenye vitundu, akachuchumaa mbele yangu akakipuliza. Sikukipokea. Nilikuwa natazama njia.

"Kula, mwanangu," alisema. "Wameshakwenda."